Klachi ya Kumfikisha Mama Nyumbani

Nilitoka Morogoro kwenda Dar es Salaam kwa sababu mama alisema amechoka kuwa mgeni. Alinipigia simu nikiwa sokoni, nimesimama katikati ya magunia ya vitunguu, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyejifungia chumbani.

"Aikande," alisema, "njoo na gari la baba yako unichukue. Nataka kwenda kukaa kwangu."

Kwake ni Kilimanjaro, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo katikati ya migomba, mahali alipozikwa baba. Tulipomaliza matanga, kaka yangu mkubwa, Elirehema, alimchukua akakae naye Magomeni "apumzike kidogo." Kidogo hicho kikageuka miaka. Kila Desemba, Wachaga wenzetu wa Kariakoo wanapofunga maduka na kupanda kaskazini kwenda kula Krismasi, kaka alikuwa na sababu ya kubaki. Mara mzigo wake ulikuwa umekwama bandarini, mara mtoto alikuwa anaumwa, mara barabara ilikuwa na ajali nyingi. Mama alikula Krismasi Magomeni, akiwaangalia wajukuu wakigombea rimoti.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani sana. Baba aliniachia mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha macho yake yalipoanza kufifia. Kaka hakuitaka. Aliiita debe. Mimi nimeilisha familia kwa hilo debe, nikibeba vitunguu na kabichi kutoka mashambani. Lakini mwaka huu klachi ilianza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, na gari linabaki na mwendo ule ule, kama mtu anayeitikia bila kuinuka. Fundi wangu wa Morogoro aliniambia kwamba likiwa tupu, taratibu, nitafika Dar. Likiwa na kitanda na kabati la mama mpaka mlimani, nisithubutu. Spea zenyewe zinatoka Kariakoo, basi nikaona nikalitengenezee huko huko.

"Usizidishe," mume wangu aliniambia wakati nafunga turubai. "Hilo gari limezeeka. Tengeneza kiasi cha kufika na kurudi, basi."

Nilimwitikia, lakini moyoni sikuwa nimeamua kiasi ni kipi.

Njiani nilijifunza upya kuendesha. Vilima ambavyo nilikuwa sivioni nikavijua vyote. Kabla ya Mlandizi malori yalinipita yakinipigia honi, na nilipokaribia Kibaha kulikuwa na harufu ya kuungua ndani ya gari, harufu kali kama ya brashi ya nywele iliyoangukia jikoni kwenye mkaa. Nikasimama kando ya barabara, nikafungua milango yote miwili, nikanunua nanasi lililokatwa na kukaa kwenye kivuli cha kibanda mpaka harufu ikaisha. Niliona nina sababu ya kuvumilia. Tangu baba afariki, hilo lilikuwa jambo la kwanza mama kuniomba.

Kuanzia Kimara foleni ilinishika. Pembeni mabasi ya mwendokasi yalikuwa yanapita kwenye njia yao, sisi wengine tunasogea kwa hatua, na kila hatua ilikuwa inakula kilichobaki cha klachi yangu. Pale Manzese nilikuwa nasali kwa sauti, dirisha wazi, na kijana wa bodaboda akaniambia, "Pole mama, linakaribia kukata roho hilo."

Magomeni nilifika jua likiwa bado kali. Nyumba ya kaka iko mtaa wa ndani, nyumba ya Kiswahili ya zamani aliyoibomoa upande mmoja na kuijenga upya kwa vigae na geti la chuma. Wifi yangu Rozi alinifungulia. Alinikumbatia vizuri, akaniuliza habari za watoto, lakini macho yake hayakutulia usoni kwangu hata mara moja. Nilidhani ni uchovu.

Mama alikuwa ameshafunga. Mabunda ya nguo yalipangwa nyuma ya mlango, sufuria zimefungwa kwenye shuka, cherehani limefunikwa gunia. Hata kitanda alikuwa amekifungua mbao zikaegemezwa ukutani, na yeye alikuwa analala kwenye godoro chini.

"Shikamoo mama. Mbona haraka hivi? Gari lina siku kadhaa gereji."

"Marahaba mwanangu. Acha wanione nimefunga," alisema. "Wote wanione."

Kaka alirudi jioni, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na simu mbili mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na debe lenyewe?" Alicheka, akazunguka gari, akapiga tairi teke. "Hili halifiki hata Chalinze likiwa na mzigo. Mama, si ungoje Desemba tukapande wote kwenye gari zuri?"

"Desemba zimepita nyingi, Eli," mama alijibu akiwa anachambua mchele.

Kaka hakubisha. Aliniambia yupo fundi wake mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, mtu mwaminifu anaitwa Saidi, kesho nimpelekee. Nilimshukuru. Nililala karibu na mama, nikamsikia anageuka geuka mpaka usingizi uliponichukua.

Gerezani, kesho yake, tulifika kwa kubahatisha. Pale Jangwani gari lilishuka vizuri, lakini kupanda kutoka bondeni kuelekea Kariakoo lilitaka kunirudisha nyuma, na nilifika gereji injini ikilia kwa gia ya kwanza. Gereji ya Saidi ni uwanja wa wazi uliojaa mafuta meusi kati ya maduka ya vyuma. Yeye ni mtu wa makamo, mkimya, mwenye ovaroli iliyofifia. Walishusha gia boksi, wakaifungua klachi, akaniita nichungulie.

Pleti, sahani inayopokea nguvu ya injini, ilikuwa imeisha mpaka kwenye ripiti, misumari inayoishikilia. Kava, lile linaloikandamiza pleti, lilikuwa na madoa ya bluu ya moto. Flaiwili, chuma kizito cha duara kinachozunguka na injini, kilikuwa na mikwaruzo unayoweza kuipima kwa ukucha. Na nyuma yake sili, mpira wa kuzuia mafuta, ilikuwa inavuja mafuta ya injini, tone kwa tone, kwenye sehemu inayotakiwa kuwa kavu.

"Sasa dada," Saidi alisema, "nikuulize kwanza. Unataka lifike wapi?"

"Kilimanjaro. Na mzigo. Halafu lirudi Morogoro."

"Kama ungekuwa unarudi Morogoro tu, ningekuwekea pleti mpya, ukaenda. Kwa Kilimanjaro na mzigo, pleti mpya juu ya chuma kilichoungua utanitukana ukifika Same. Hapo ni seti nzima, flaiwili ikachongwe, na sili ibadilishwe maana tumeshafungua. Ila gari ni la zamani. Ni wewe."

Nikampigia kaka. Hakuniacha nimalize. "Weka pleti tu! Hilo gari unalizika, unalivalisha suti ya nini? Tena mimi naona ungeliacha kabisa."

Nikakata simu. Maneno yake na ya mume wangu yalifanana, na yote yalikuwa na akili. Lakini nilimkumbuka mama anavyokaa kwenye gari, mikono miwili imeshika mkoba mapajani, hasemi kitu hata akiogopa. Nikawaza tumekwama njiani, jua kali, mama amekaa juu ya bunda lake anawatazama watu wanaotutazama. Nikamwambia Saidi tunabadilisha vyote.

Mtaani Kisutu nilikwenda kununua spea kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye baba alikuwa mteja wake. Duka ni jembamba, refu, maboksi mpaka darini, na juu ya meza kuna picha ya mungu wake imevishwa shada la maua ya njano, ubani unafuka. Alipoona pleti ya zamani niliyomletea kama sampuli, aliigeuza geuza akatikisa kichwa.

"Gari zee namna hii watu nabadilisha pleti, nauza haraka," alisema. "Wewe nataka seti nzima. Naenda wapi?"

"Nampeleka mama nyumbani, mzee."

"Aa. Basi chukua yote. Mama hawezi sukuma gari."

Nilicheka, na hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka kwenye safari ile. Alinifungia kava, pleti, beringi na sili kwenye mfuko mmoja, na akaniambia kisichofungwa nirudishe kikiwa kwenye boksi lake, atakipokea.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi, nikachelewa kufika gereji. Flaiwili ilikuwa imerudi kutoka kwa mchonga vyuma, inang'aa kama sinia jipya. Nilitegemea kuwakuta wanafunga. Saidi alikuwa amekaa kwenye tairi, hafanyi kitu.

"Dada, karibu ukae," alisema. "Mimi na kaka yako tunafahamiana siku nyingi, sitaki kuingia kwenye mambo yenu. Lakini amenipigia simu. Ameniambia nikwambie gia boksi nayo imekufa, haitengenezeki, gari halitoki hapa. Ameniambia atanielewa, nikajua anamaanisha pesa."

"Na gia boksi imekufa?"

"Gia boksi ni nzima. Kama ingekuwa mbovu ningekwambia jana."

Nikasimama. Nilijiambia mtu anaweza kumzuia mama yake asisafiri kwa hofu ya njia tu. Nilijaribu kuliamini hilo kuanzia Gerezani mpaka Kariakoo, nikitembea kwa miguu kwenye matope, nikikwepa mikokoteni na wabeba mizigo waliokuwa wakipiga mluzi nyuma yangu. Nilipofika mtaa wa kaka nilikuwa siliamini tena.

Duka lake ni la mapazia na mashuka ya jumla. Alikuwa anawahudumia akina mama wawili kutoka Kongo, anawafunulia shuka, anatania. Aliponiona alijua. Aliwaachia msaidizi, akanishika mkono, akanipeleka nyuma kati ya marobota.

"Kwa nini umempigia Saidi?"

"Sauti, Aikande. Nina wateja."

"Kwa nini hutaki mama aende nyumbani?"

Alivua miwani, akaifuta na ncha ya shati. "Hakuna nyumbani," alisema.

Sikumwelewa. Ikabidi aseme tena. Kihamba, shamba letu la migomba, pamoja na nyumba, alikiuza kwa mtu wa kijiji cha pili. Alikiuza mwaka ule ule aliomleta mama Magomeni. Mzigo wake wa kwanza mkubwa ulikuwa umeharibika maji yalipoingia ghalani, duka lilikuwa linakufa, na yeye ni mtoto wa kwanza, baba mdogo alimuunga mkono. Alidhani atakikomboa kabla mtu hajajua.

"Na kaburi la baba?"

"Tulikubaliana hataligusa."

"Mlikubaliana! Baba yuko kwenye shamba la mtu, Eli?"

"Wewe unaongea kirahisi." Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Wewe umeolewa, una kwako. Nani amemlisha mama? Nani anampeleka kliniki? Hilo duka unaloliona ndilo limemlisha. Hata hivyo kihamba hakikuhusu, wewe ni mtoto wa kike."

Ukweli ni kwamba kwa mila zetu hakikunihusu. Hakuna aliyekuwa amenipa hata mgomba mmoja. Ndiyo maana iliniuma zaidi, kwamba aliyekuwa na haki ya kukitunza ndiye aliyekula, na mimi nisiye na haki nilikuwa ninachonga vyuma ili nimpeleke mama huko.

"Usimwambie," kaka alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Nakuomba. Atakufa. Mwambie gari limeshindikana. Mwaka huu ukiisha nitatafuta namna."

Kule mbele mmoja wa wale akina mama aliita kuuliza bei. Kaka alivaa miwani, akaweka tabasamu lake usoni, akaenda.

Nilirudi gereji jioni jioni. Saidi aliniangalia usoni, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Tunafanyaje dada? Vitu vyako bado viko kwenye boksi, vinarudishika. Kama safari ya mlimani imevunjika, pleti peke yake itakufikisha Morogoro."

Hapo nilikaa kwenye lile tairi, nikapima mambo upya. Akili iliniambia funga pleti, rudisha vingine, ondoka mji huu. Lakini kuweka pleti tu kulikuwa kama kukubali, kama kusema na mimi kwamba mama hana pa kwenda. Nilijiambia huenda atataka kwenda hata hivyo, akasimame kwenye kaburi, akamtazame huyo mwenye shamba usoni. Nilijiambia akitaka hivyo, nisiwe mimi niliyemtengenezea gari la kuishia njiani.

"Funga vyote," nilimwambia.

Gari lilikamilika kesho yake mchana. Nililijaribu mpaka Feri, halafu mpaka bondeni Jangwani na kurudi. Pedali ilikuwa laini kama mto, gia zinaingia zenyewe, na pale kwenye mlima wa Jangwani liliponihangaisha lilipanda bila kuguna. Sijawahi kuona kitu kizuri kikaniuma vile.

Magomeni nilimkuta mama peke yake. Wifi alikuwa ametoka, kaka yuko dukani. Nilikaa kwenye godoro lake, nikaanza kuzungukazunguka kwa maneno, nikasema gari limepona ila kuna jambo. Alinyoosha mkono akanizuia.

"Amekwambia?" aliuliza.

Nikaushika ule mkono wake.

"Nilijua tangu Krismasi ya kwanza," mama alisema. "Jirani yangu wa kule alinipigia simu kunipa pole. Akadhani najua. Nikamwambia ndiyo, najua, asante."

"Mama! Sasa kwa nini umeniita? Kwa nini umefungua kitanda?"

"Nilitaka aniambie mwenyewe. Kwa mdomo wake. Kila mwaka nimengoja. Nikaona labda nikifunga mizigo, wewe ukafika, gari likasimama mlangoni, atashindwa, atasema." Alikuwa anakunja upindo wa kitenge chake, anaukunjua, anaukunja. "Kumbe amekwambia wewe."

Nilimwambia twende Morogoro, nina chumba, wajukuu watafurahi. Nilimwambia kama anataka tutapanda mpaka kwenye kaburi, gari linaweza. Alikataa vyote viwili. Akiondoka, alisema, watu wa nyumbani watauliza, na watajua, na Eli hataweza tena kukanyaga kanisani kwetu wala kwenye msiba wa ukoo. Ni mwanawe wa kwanza. Hawezi kumfanyia hivyo.

"Lakini yeye amekufanyia!"

"Najua alichonifanyia. Nitakaa hapa mpaka aniambie." Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilowana. "Usimwambie kwamba najua."

Basi nikamsaidia kufunga kitanda. Tulishika mbao, tukakaza nati, tukatandika shuka la dukani kwa kaka. Sufuria alizirudisha jikoni mwenyewe. Kaka aliporudi jioni, mama alimwambia ameghairi, safari ni ndefu, mgongo unamsumbua. Nilimwona kaka anavyopumua. Alimletea mama stuli ya kuwekea miguu, akamuuliza kama anataka chai. Tukala ugali na dagaa, sisi wakubwa wanne, na kila mtu mezani, hata Rozi, alikuwa anajua, na kila mtu alisema chumvi imekolea vizuri.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinisindikiza mpaka getini akanishika shavu. Kaka alipakia robota la mashuka nyuma ya pikapu, zawadi kwa mume wangu. Akaligonga gari bodi. "Linasikika vizuri sana," alisema. Nilitaka kumtemea mate. Nikasema, "Asante kaka," nikawasha.

Chalinze nilisimama pale njia inapogawanyika. Malori na mabasi ya kaskazini yalikuwa yanakata kulia, moja baada ya lingine. Nilikaa na injini inaunguruma, mguu kwenye klachi, nikilijua gari langu lina nguvu ya kufika mpaka kwenye migomba ile na kurudi. Askari wa barabarani alinipungia nisizibe njia. Nikaenda moja kwa moja, njia ya Morogoro.

Mume wangu alipoona kazi iliyofanywa aliniuliza kwa nini nilikwenda mbali kiasi kile kwa gari la zamani, na nikamwambia ukweli wote, yeye peke yake. Lile robota mpaka leo hatujalifungua.

Wanaoniuliza safari ile ilinifunza nini hawapo, kwa kuwa nje ya nyumba zetu hakuna anayejua. Ningeulizwa ningesema nilijifunza kwamba katika nyumba yetu mapenzi na woga vimekaa pamoja muda mrefu mpaka havitenganishiki, na kwamba mtu anaweza kumlinda mtoto wake mpaka akabaki hana pa kulaza kichwa. Lakini jambo nililojifunza vizuri zaidi nilijifunza kwenye geti la nyumba yangu, siku ile ile niliyorudi, kabla sijazima gari. Jirani yangu, ambaye alikuwa amemwandalia mama kuku wa kumlaki akidhani tungepitia kwangu kwanza, alichungulia upande wa abiria, akaona kiti kitupu.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

"Hajambo kabisa," nilimjibu. "Kaka amemng'ang'ania. Anampenda mno yule, hataki aondoke."